Mpangaji Wangu Mmisionari na Mbuzi wa Wang'uru

Kabla hajawa mpangaji wangu, mmisionari huyu alikuwa amefungiwa milango karibu yote ya Tetu, na dini haikuhusika. Kosa lilikuwa shati jeupe, tai, na kibao cheusi kifuani. Kwetu, vijana wawili wa tai wakiingia bomani asubuhi, ni watu wa stima wamekuja kukata waya, au ni watu wa benki wamekuja kuangalia ng'ombe gani amenona. Mama mmoja wa huko juu alimwona akija, akajificha chini ya kitanda na kuacha githeri ikiungua jikoni. Mmisionari alinusa moshi, akapiga hodi, hakujibiwa, akaingia akaepua sufuria, kisha akaketi kizingitini kumngoja mwenyewe. Aliketi mpaka mama akachoka kulala sakafuni.

"Alinisalimia nikiwa natambaa," mama huyo aliniambia dukani kwangu. "Ati, 'Shikamoo mama, chakula chako kimepona.'"

Nitamwita mmisionari tu. Jina alikuwa nalo, lilikuwa pale kifuani kila mtu asome, lakini kazi ndiyo iliyomleta kwetu na kwa kazi ndivyo tulivyomjua. Habari za baba yake na babu yake sizijui. Nilichojua ni kwamba kwao Amerika wanalima viazi, na kwamba viazi vyetu aliviona vidogo. Hilo alilisema mara moja. Mke wangu akamnyima mukimo wa viazi hivyo hivyo siku hiyo, akajifunza.

Mimi ni mtu wa simiti na mabati. Shuleni nilitokea mlangoni nikiwa darasa la nne na sikurudi hata kwa dirisha. Nilivunja kokoto kwa nyundo miaka mingi nikiwa nimekalia gunia, na leo niko na duka mjini Nyeri na ploti ya ghorofa tatu ambayo hakuna mtu alinishika mkono kuijenga. Kwa hivyo mtu akiniletea maneno, huwa nayafanya kama jiwe: nayagonga kwanza nisikie yanalia namna gani. Huyu alipokuja kutafuta nyumba, nilisoma kile kibao chake polepole, nikaona kinasema yeye ni mzee wa kanisa la Wamormoni. Ndevu hana. Nikamwambia mimi nimekuwa mzee kwa kuchinja mbuzi na kungoja nywele zigeuke, na yeye amenunua wapi uzee wake?

"Nimepewa, Guka," akasema, akiniita babu kwa Kikuyu, kama alivyokuja kumwita mke wangu Cucu. "Lakini nitaurudisha baada ya miaka miwili."

Nikampa nyumba ya juu kabisa.

Kwao kuna sheria kwamba mmisionari hatembei peke yake. Ni wawili, na lazima mmoja amwone mwenzake wakati wote. Mke wangu aliuliza, "Hata chooni?" Akajibiwa kwamba hapo wanaangalia mlango. Hao wenzake walikuwa wakibadilishwa kila baada ya muda na mkubwa wao wa Nairobi, na yeye akabaki, kwa hivyo niliona wa kila aina wakipita kwenye ngazi zangu. Kuna wa Uganda aliyeimba akioga mpaka wapangaji wa chini wakaanza kumwagiza nyimbo. Kuna mwingine aliyeogopa ng'ombe, na ukiogopa ng'ombe huko Tetu afadhali ukae kitandani. Mmoja alishikwa na tumbo wiki nzima. Mmisionari wangu hangeweza kumwacha, na kukaa bure hakujui, basi akasimama kwenye roshani akawa anawahubiria waliokuwa wakianika nguo uani, akigeuka kila dakika kuhakikisha mgonjwa bado yuko. Wanawake walimsikiliza vizuri sana. Kisha wakamwomba ashike kamba upande wa juu.

Chai ndiyo ilimtesa zaidi. Dini yao haitaki chai wala kahawa, na mkubwa wao akawaleta kuhubiri mahali ambapo watu wamesomesha watoto kwa chai na kahawa. Huwezi kuingia kwa mtu, akuwekee kikombe cha majani aliyochuma kwa mkono wake mwenyewe, kisha umwambie Mungu hapendi. Mwanzoni alikuwa anasema hivyo hivyo. Nilimkalisha chini.

"Sema tumbo lako halipendi," nikamshauri.

"Lakini tumbo langu halijawahi kuonja, Guka. Halina maoni."

Akatafuta njia yake. Akawa anawaambia watu, "Sitakunywa, lakini nitawasaidia kuchuma." Siku ya kwanza walijaza vikapu shambani kwa mama mmoja, yeye na mwenzake, wakajipongeza. Walikuwa wamechuma majani yote, mpaka yale magumu ya chini ambayo hata mbuzi angefikiria mara mbili. Kwenye kituo cha kununulia yakamwagwa chini mbele ya watu. Kesho yake alirudi shambani kwa yule yule mama, akaomba afundishwe, na mama akamfundisha huku akimpiga vidoleni kila akigusa jani lisilofaa. Wakawa marafiki wakubwa. Kanisani kwake, mama huyo hakukanyaga hata siku moja.

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Watu walimpenda sana, na hakuna aliyemfuata. Alichimba mitaro, alibeba maji, alishika ngazi za watu wakipaka rangi. Kuna Mwislamu muuza vitambaa karibu na msikiti wa mjini aliyemkaribisha kila wiki. Walikuwa wakizungumza juu ya Mungu mpaka wateja wanaanza kujipimia vitambaa wenyewe. Muuza vitambaa aliniambia, "Huyu kijana amebakisha kidogo tu asilimu." Jioni mmisionari akaniambia kwamba yule mzee amebakisha kidogo tu. Biashara ya watu siingilii.

Jioni akirudi na viatu vyekundu kwa udongo, nilikuwa namuuliza, "Leo umepata nani?"

"Leo hakuna, Guka. Lakini bado kuna mlango mmoja."

"Milango ya Nyeri imeisha. Mimi ndiye nimeuza mingi yake, naijua."

Alicheka, akapanda juu. Siku mbaya sana nilizijua kwa shati. Akiwa amevunjika moyo alifua, hata shati safi, akasugua kola mpaka ikawa na manyoya. Kuna mwezi mmoja alimaliza mashati matatu. Mke wangu akaniambia, "Huyo mtoto wa watu anatamani kwao, enda umwongeleshe." Nikaenda. Nilimkuta ameinama kwenye karai, nikamwambia sabuni yake ni ya bei ghali bure, kuna ya mche. Akanishukuru kama nimemsomea Zaburi.

Tena hakujua kudanganya, hata kule kudogo kwa heshima. Mke wangu alinunua wigi ya harusi ya mpwa wake, akamuuliza ameionaje. Alifikiria kwa muda mrefu, masikio yakawa mekundu, akasema, "Cucu, naona umeifurahia." Mke wangu aliirudisha dukani. Nilimwambia mmisionari kwamba ukweli ni kama simiti, unawekwa kwa kipimo, ukizidisha nyumba inapasuka. Akaniambia kwao hakuna kipimo. Nikajua huyu atatuletea shida, sikujua tu ni wapi.

Ilikuwa ni Wang'uru, kwenye mpunga.

Nilikuwa na fundi wa mawe, ndiye aliyenijengea ploti. Mkono wake ukishika mwiko, ukuta unasimama wima kama askari. Lakini alikuwa mlevi. Ukimlipa Jumamosi, Jumatatu unamtafuta kwenye mitaro. Siku moja alikuwa anapiga plasta kwenye ngazi, na mmisionari akapita akaanza kumpandishia mchanga bila kuombwa. Walianza hivyo. Wiki baada ya wiki, mmoja akibeba mchanga na mwingine akiuliza maswali juu ya mbinguni, na yule mwenza wa wakati huo ameketi ngazi ya juu akiwaangalia, kwa sababu ya sheria. Fundi akaacha bia. Akaacha muratina, pombe yetu ya kienyeji. Sigara akaacha kwa kulia machozi. Chai ndiyo ilikuwa ya mwisho, na aliniambia afadhali ile muratina.

Mmisionari akaacha kufua. Alikuwa amebakisha miezi michache tu arudi kwao, na katika muda wote huo hajamzamisha mtu hata mmoja majini kumbatiza, wakati wenzake wa miji mingine wanazamisha watu kama wanaosha karoti. Sasa alikuwa na mmoja.

Lakini kwao hawamzamishi mtu anayeishi na mke ambaye hajamuoa kisheria. Na fundi alikuwa amemchukua mke wake kutoka Wang'uru miaka mingi iliyopita, wakakaa tu, wakazaa watoto watatu, na hajawahi kukanyaga kwa wakwe kusema hata habari zenu. Baba ya mke, mkulima wa mpunga, alikuwa ameapa hatakula chakula kwa binti yake mpaka mtu aje kuongea kama mtu. Binti akasema harusi ya ofisini bila baba yake hataki. Kwa hivyo hakuna ruracio, yaani kupeleka mahari, hakuna harusi. Hakuna harusi, hakuna maji.

Fundi hakuwa na baba wala mjomba wa kumtolea maneno. Akaja kwangu. Katika mambo ya kuongea mahari, mimi naitwa mpaka Karatina. Nikasema sawa. Mmisionari akasema na yeye anakuja.

"Utakuja kufanya nini?"

"Kukaa naye, Guka. Anaogopa."

Nikamwambia atakaa, atakula, atanyamaza. Mwenzake vile vile. Kisha nikawaeleza mpango, na hapo ndipo niliharibu, kwa sababu mpango hauelezwi mtu kama huyo. Tulikuwa na mbuzi watano kwenye pikapu. Watatu tungeingia nao, na wawili wangebaki kituo cha petroli na dereva. Wakwe wakilalamika kwamba ni wachache, na lazima walalamike, mimi ningelia kidogo, niseme fundi ameuza hata redio, kisha tuondoke kwenda kutafuta, turudi na wawili tukihema. Wao wanafurahi wametukamua, sisi tunafurahi tumekamuliwa kidogo. Kila mtu anajua inavyoenda. Ni heshima.

Tulipokewa vizuri. Wali wa kwao, nyama, soda. Baba mkwe alikuwa mtu mwembamba, mkavu, anakutazama kama anatafuta mawe kwenye mchele. Nikaongea. Siwezi kujisifu, lakini niliongea vizuri mpaka mwanamke mmoja wa upande wao akasahau kumeza. Nikafika kwenye redio.

"Ameuza hata redio, mzee mwenzangu. Watoto wanasikiliza habari kwa jirani. Hawa mbuzi watatu ndio jasho lote."

Hapo shangazi ya binti, mama mnene wa kitambaa cha kijani, akageukia mmisionari. Alikuwa amemwangalia tangu tuingie.

"Wewe mtumishi wa Mungu," akasema. "Hizi mbuzi ndizo zote ziko?"

Nikakohoa. Nikamkanyaga mmisionari kiatu. Masikio yake yakaanza kuwa mekundu, nikajua tumeisha.

"Hapana, mama," akasema. "Wengine wawili wako kwenye kituo cha petroli. Wameshakula, wako salama."

Halafu shangazi akapiga paja, akacheka mpaka kitambaa kikaanguka, na wengine wote wakafuata, isipokuwa mimi na baba mkwe.

"Na redio?" baba mkwe akamuuliza.

"Redio ipo. Ni nzuri."

Baba mkwe akanigeukia, akaniita kwa neno letu la mkwe. "Muthoni, umeongea vizuri sana. Sasa pumzika. Kuanzia hapa tutaongea na huyu."

Mimi! Mtu wa kuitwa mpaka Karatina! Nikaketi na soda yangu kama mtoto aliyeletwa kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mbuzi wawili wakaletwa, na hao sasa hawakuwa nyongeza, walikuwa mwanzo tu. Lakini mzee wa mpunga hakutaka mbuzi tena. Alivuta kiti karibu na mmisionari.

"Wewe hujui kudanganya, nimeona. Basi niambie. Huyu mtu tulisikia ni mlevi. Anakunywa?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Alikuwa anakunywa sana," mmisionari akasema. "Ameacha."

"Tangu aache, hajaanguka hata mara moja?"

Neno moja tu lilitakikana hapo. Hajaanguka. Mimi ningelisema nikiwa usingizini. Nilimwona mmisionari akimwangalia fundi, na fundi, bila kuinua kichwa, akaitikia kidogo, kama kusema haya.

"Ameanguka mara moja," mmisionari akasema. "Mwezi uliopita. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe kutuambia. Tulikuwa hatujui."

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe akainua macho kwa binti yake.

"Ni ukweli?"

"Mimi aliniambia kwanza, baba," binti akasema. "Aliniamsha akaniambia."

Mzee akasugua goti. Mwishowe akasema: "Mbuzi nimepokea. Binti sijakataa. Lakini mpunga bado uko majini. Nikivuna, nikiingiza gunia la mwisho ndani, nitauliza tena swali hili hili. Jibu likiwa zuri, waoane."

Kwa kusikiliza ni maneno mazuri. Lakini kwenye pikapu, mmisionari alikuwa anaangalia ile miche mifupi ya kijani pande zote mbili za barabara, na hata mtu asiyejua mpunga angeona hauna haraka.

"Utakuwa umeenda kwenu," nikamwambia.

"Huenda."

"Ungesema 'hapana' tu. Neno moja!"

"Ningekuwa nimemzamisha nani, Guka?"

Nilikuwa bado na hasira ya redio. Jioni hiyo alifua mashati yote, na ya mwenzake pia.

Baadaye wakamhamisha Naro Moru, huko kwenye baridi, na ngazi zangu zikapata vijana wengine. Fundi akaendelea kupanda kuwaona. Bia hakugusa. Nilimchunga kama ninavyochunga simiti wakati wa mvua, na nilikuwa nampigia baba mkwe simu kumpa habari, bila kuongeza chochote, kwa sababu huyo mzee sasa alikuwa akiniuliza kila mara, "Hiyo ni yote, ama kuna nyingine kituo cha petroli?"

Watu huniuliza kama fundi alizamishwa. Alizamishwa. Mpunga ulivunwa, tukaenda tena, mzee akauliza swali lake na akajibiwa, tangazo la ndoa likabandikwa ofisini kwa serikali, na siku zake zikaisha Ijumaa. Ijumaa wakaoana, shangazi na kitambaa chake cha kijani akiwa mbele. Jumamosi fundi akazamishwa kwenye tangi la simiti lililo nyuma ya ploti yangu, alilolijenga mwenyewe. Aliyemzamisha ni mmisionari mmoja mgeni, jitu kubwa, aliyekuwa amemjua fundi kwa majuma matatu. Alimzamisha vizuri. Mimi si wa dini yao, nilikuwa nimesimama kando kwa sababu tangi ni langu.

Lakini wangu nilimwona mara ya mwisho Jumatatu ya wiki hiyo hiyo. Miaka yake miwili ilikuwa imeisha. Gari la kanisa lao lilikuwa likimtoa Naro Moru kumpeleka Nairobi, ndege ni Jumatano, na aliomba wasimame Nyeri kidogo aage. Alikuwa amekonda, na tai ile ile. Fundi na mke wake walikuwa wameshafika. Mke wangu akaleta maziwa. Tukasimama hapo nyuma ya ploti, na kila mtu anaangalia tangi.

Mimi ni mtu wa kusema. Nikasema.

"Sikiliza. Maji yako hapa. Mtu yuko hapa. Wewe uko hapa. Baba mkwe amekubali, ofisi imekubali, imebaki karatasi kukauka ukutani. Mzamishe leo. Ijumaa wataoana, na hakuna mtu Amerika atajua ilikuwa siku gani."

Fundi hakungoja. Alishaanza kuvua viatu. "Mimi nataka wewe," akamwambia mmisionari. "Huyo mwingine simjui, hata mchanga hajawahi kunibebea."

Mke wake akasema, "Mzamishe, ndugu yangu. Sisi hatutasema."

Mwenzake mpya, aliyekuwa akimsindikiza, aliangalia pembeni. Hata sheria ya kuangaliana aliisahau.

Mmisionari alienda mpaka ukingoni, akaweka mikono juu ya ukuta wa tangi, akaangalia ndani. Aliangalia kwa muda mrefu hivi kwamba nilianza kufikiria ni nani atashika taulo. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Alipogeuka, masikio yalikuwa mekundu kabisa, na macho pia.

"Ni Jumamosi," akamwambia fundi. "Vaa viatu."

Fundi akafunika uso kwa ile kofia yake ya kazi. Mimi nikatukana kidogo, kwa Kikuyu.

Halafu mmisionari akaniuliza, "Guka, una brashi?"

"Brashi ya nini?"

"Hili tangi ni chafu."

Lilikuwa chafu, sikatai, kuta zimeshika kijani. Nilimletea brashi ya waya na karai. Akafungua bomba la chini maji yaende, akatoa tai akaifunga kwenye mti wa parachichi, akakunja suruali, akaingia. Fundi akaingia upande wa pili. Walisugua, dereva akipiga honi huko mbele na mimi nikimwendea kumwambia anyamaze, hapa ni kwangu. Walisugua mpaka simiti ikaonekana mpya kama siku aliyoipiga fundi. Kisha nikafungulia maji, na akasimama nje kuyaangalia yakipanda.

Honi ikapigwa tena. Alimkumbatia fundi, akamkumbatia mke wa fundi, akamwambia mke wangu maziwa yake ni mazuri, na hapo alikuwa anasema ukweli. Mimi alinipa mkono, mkono umejaa kijani.

"Utapata baridi njiani," nikamwambia. "Suruali imelowa mpaka juu. Uko na nyingine?"

"Ziko chini kabisa ya begi, Guka. Hii itakauka."

Haingekauka, mawingu yalikuwa yameshuka. Lakini alipanda gari hivyo hivyo, akaenda kwao Amerika.